Somo: Namna ya Kupanga Njia za Baiskeli Vijijini Mallorca, Kuanzia Uwandani hadi Milimani

Ndugu wanachama,

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya mwendesha baiskeli ambaye tayari anaweza kukaa kwenye tandiko kwa saa tatu au nne, na ambaye sasa anataka kwenda Mallorca, kisiwa cha Hispania kilicho katika Bahari ya Mediterania, akapange njia zake mwenyewe. Nimekwenda huko mara nne kutoka Ujerumani ninakoishi, na safari ya kwanza nilifanya kosa ambalo naliona likirudiwa na wageni wengi: siku ya kwanza tu nilielekea Sa Calobra, barabara ya mlimani ambayo picha zake zimeenea kila mahali, nikiwa na baiskeli ya kukodi nisiyoizoea na chupa mbili za maji. Nilishuka hadi baharini salama, lakini kupanda kurudi kulinimaliza, na siku mbili zilizofuata nilishinda hotelini nikiuguza mapaja. Niliondoka kisiwani bila kupita hata kijiji kimoja cha uwandani, na sasa najua kwamba vijiji hivyo ndivyo vinavyonirudisha huko kila mwaka.

Kwa sababu hiyo hatua zilizo hapa chini zinaanzia uwandani, zinapanda vilima, na milima mirefu zinaiacha hadi siku ambayo mwili na baiskeli vimekwisha kuzoeana.

Hatua ya kwanza: Chagua majira kabla ya kuchagua njia

Miezi inayofaa zaidi ni Machi, Aprili na Mei, kisha tena mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Anayeweza kuvumilia baridi ya asubuhi aende Februari, wakati milozi imechanua na uwanda wote una rangi nyeupe na waridi. Julai na Agosti sizipendekezi. Joto huzidi nyuzi 30, na ingawa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kudhani kwamba hilo ni jambo alilolizoea, akumbuke kwamba atakuwa juani kwa saa nne kwenye lami isiyo na kivuli, huku kuta za mawe za pande zote mbili zikimrudishia joto lilelile.

Mwezi Machi huwa na mtego mwingine. Uwandani unaweza kuendesha kwa jezi ya mikono mifupi, lakini ukifika kwenye barabara za milimani asubuhi, baridi ya mteremko huingia mifupani na vidole vinashindwa kubana breki sawasawa. Koti jembamba la kukinga upepo, linalokunjika likaingia mfukoni, ni la lazima. Kuelekea mwisho wa Aprili hufanyika Mallorca 312, tukio la siku moja la kilomita 312 ambalo barabara zake hufungwa kwa ajili ya washiriki, kwa hiyo angalia tarehe yake kabla ya kukata tiketi, kwani wiki hiyo vyumba na baiskeli za kukodi huadimika.

Hatua ya pili: Chagua kituo, kisha baiskeli

Palma ni mji mkubwa, na kila siku utatumia muda mrefu kutoka katika msongamano wake. Sóller ni mahali pazuri mno, penye bonde la michungwa lililozungukwa na milima, lakini kila upande unaotokea unapanda, na hilo halimfai mtu wa siku ya kwanza. Ninachoshauri kwa safari ya kwanza ni Alcúdia au Port de Pollença, kaskazini, kwa kuwa kutoka huko unaingia uwandani au milimani bila kugusa barabara kuu ya magari.

Maduka ya kukodisha baiskeli ni mengi sana kaskazini. Weka nafasi mapema, uwapelekee urefu wako na kimo cha tandiko lako, na uende na pedali zako mwenyewe. Omba baiskeli yenye sproketi ndogo ya mbele ya meno 34 na kubwa ya nyuma ya meno 32 au 34, hata kama nyumbani unajiona mwenye nguvu, pamoja na tairi za upana wa milimita 28.

Jambo la breki nalieleza kwa urefu kwa sababu ni la usalama. Baiskeli nyingi tulizokulia nazo Afrika Mashariki zilifuata mtindo wa Kiingereza, ambapo mkono wa kulia hufunga breki ya mbele. Hispania, mkono wa kushoto ndio unaofunga breki ya mbele. Mtu aliyezoea kubana kwa nguvu mkono wa kushoto akitegemea gurudumu la nyuma anaweza kurushwa juu ya usukani katika mteremko. Rafiki yangu mmoja aliponea chupuchupu karibu na Campanet, kwa sababu dukani hakuna aliyemweleza naye hakuuliza. Mwombe fundi akubadilishie, na kama haiwezekani, zunguka uwanja wa maegesho kwa dakika kumi ukifunga breki mojamoja hadi mikono izoee.

Hatua ya tatu: Jifunze kusoma ramani na majina

Barabara za kisiwa zina alama ya Ma ikifuatwa na namba. Kwa kawaida namba fupi huashiria barabara kubwa, na namba ya tarakimu nne huashiria barabara ndogo. Ma-13, inayotoka Palma kupitia Inca, ni barabara kuu ya magari na baiskeli haziruhusiwi. Ma-12, inayopita pwani kutoka Alcúdia, inaruhusiwa lakini ina magari mengi, hivyo itumie kwa vipande vifupi tu. Ma-10 ndiyo inayofuata mgongo wa milima ya Tramuntana kutoka Andratx hadi Pollença, umbali wa kilomita 110 hivi. Zaidi ya hizo kuna vijia vya lami vinavyoitwa camí, vyembamba kiasi kwamba magari mawili hupishana kwa taabu, na ramani nyingi za magari hazivipi uzito wowote. Panga safari yako kwa kuunganisha vijia hivyo kutoka kijiji hadi kijiji.

Vibao vimeandikwa kwa Kikatalani. Coll ni mahali barabara inapovuka mgongo wa mlima, puig ni kilele, font ni chemchemi, cala ni ghuba ndogo. Msemaji wa Kiswahili atakutana pia na ndugu zake wa lugha. Waislamu walikitawala kisiwa hiki kuanzia mwanzo wa karne ya 10 hadi mwaka 1229, na majina waliyoyaacha bado yapo: Binissalem, Biniamar na Biniaraix yanabeba neno lilelile la ukoo tunalolisikia katika "bin", na S'Albufera, eneo la kinamasi karibu na Alcúdia, linatokana na neno la Kiarabu lililozaliwa shina moja na "bahari" yetu. Ninapoendesha kando ya matete yake asubuhi, ndege wa majini wakiruka, jina hilo hunifanya nijisikie si mgeni kabisa.

Hatua ya nne: Siku ya uwandani

Mzunguko wa siku ya kwanza ninaoupendekeza una urefu wa kilomita 80 hivi, nao unapita Alcúdia, Sa Pobla, Muro, Santa Margalida, Maria de la Salut, Petra, Sineu, Llubí, kisha Muro tena na kurudi Alcúdia. Hakuna mlima wowote, ingawa ardhi si tambarare kabisa. Inapanda na kushuka taratibu kama mawimbi ya maji makuu, na ukichanganya mawimbi hayo yote, jioni miguu itajua kwamba imefanya kazi.

Kabla ya kuondoka, tazama upepo. Mtu wa pwani anayejua kaskazi na kusi hahitaji kufundishwa kwamba chombo hupanga safari kwa upepo, na baiskeli ni hivyohivyo. Upepo uitwao Tramuntana, jina moja na ile milima, huvuma kutoka kaskazini, na siku unapovuma kwa nguvu, kurudi Alcúdia kutoka Sineu kunaweza kuchukua karibu mara mbili ya muda uliotumia kwenda. Ukiona utabiri unaonyesha upepo mkali wa kaskazini, fupisha mzunguko kwa kukata kutoka Maria de la Salut moja kwa moja hadi Llubí. Siku za joto, upepo wa baharini huanza kuvuma mchana, kwa hiyo asubuhi tulivu ndiyo ya kufika mbali.

Sa Pobla imezungukwa na mashamba ya viazi kwenye udongo mwekundu, pamoja na vinu vya upepo vya zamani vilivyokuwa vikivuta maji ya kumwagilia. Hapa angalia matope yanayoachwa na matrekta baada ya mvua, kwa kuwa tope jembamba juu ya lami huteleza kama mafuta. Ukishapita Muro, vijia vinaingia kati ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa, milozi na mitini ikiwa ndani yake na kondoo wakilala kivulini. Kuta hizi ni sifa ya kisiwa, lakini zinaficha njia panda, kwa hiyo punguza mwendo kila unapokaribia mkutano wa vijia hata kama husikii injini.

Petra ndiyo mahali pangu pa kupumzika. Ni kijiji cha mawe ya rangi ya asali ambacho mwaka 1713 alizaliwa Junípero Serra, padri Mfransisko aliyekwenda kuanzisha misheni za kwanza za California, na uwanja wake wa kati, Plaça Ramon Llull, umejaa meza ambazo kwa miezi ya Machi na Aprili hukaliwa zaidi na waendesha baiskeli. Kula hapo kabla ya saa nane mchana. Kuanzia saa hiyo hadi saa kumi na moja hivi maduka mengi ya vijijini hufungwa, na Jumapili alasiri usitegemee duka lolote. Nimewahi kupita vijiji vitatu mfululizo nikiwa na njaa, kila mlango umefungwa, na tangu siku hiyo natunza ndizi mbili na kipande cha mkate mfukoni ambavyo sivigusi kabla ya kilomita ya 60.

Kuhusu maji, vijiji vingi vina bomba kwenye uwanja wa kanisa. Ukiona maneno "no potable", maji hayo si ya kunywa. Kuanzia Petra hadi Sineu unaweza kupita Sant Joan kwa kijia kirefu kidogo zaidi lakini kizuri zaidi. Ninakipenda kuliko barabara yenyewe, na kama una muda, usiache kukifuata.

Hatua ya tano: Siku ya vilima, hadi Lluc

Siku ya pili au ya tatu panda Coll de sa Batalla. Toka Alcúdia upite Pollença, ufuate kijia cha zamani kuelekea Campanet, kisha Moscari, Selva na Caimari. Caimari ni kijiji cha mizeituni, na mlima unaanza hapohapo nyumba zinapoishia. Kuna takriban kilomita 8 za kupanda kwa wastani wa asilimia 5, maana yake unapanda mita 5 kwa kila mita 100, hadi mwinuko unaokaribia mita 580. Barabara hii imechongwa kwa utaratibu mzuri sana: haikushtui kwa kipande kikali, inazunguka kati ya miamba na mialoni, na hivyo inamfundisha mtu kupanda. Anza kwa gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji, kanyaga pedali kwa wepesi, na ujipime kwa pumzi: ukiwa huwezi kusema sentensi nzima bila kuhema, umezidisha.

Juu kuna kituo cha mafuta chenye mkahawa, mahali ambapo karibu kila mwendesha baiskeli wa kisiwa husimama. Jaza chupa hapo. Monasteri ya Lluc, ambayo historia yake inarudi hadi karne ya 13, iko karibu sana, na uwanja wake una kivuli na utulivu unaofaa kupumzikia.

Kutoka hapo Ma-10 inakupeleka Pollença kwa kilomita 20 hivi. Mwanzoni inapanda kidogo na kushuka kidogo, halafu baada ya Coll de Femenia inateremka kwa muda mrefu kwenye msitu. Katika mteremko huu funga breki kabla ya kona, si ndani ya kona. Mguu wa upande wa nje wa kona uwe chini na ubebe uzito wako, na macho yatazame mahali unapotaka kutokea. Anayetazama ukuta huelekea ukutani. Usibane breki mfululizo kwa kilomita nzima, bana kwa nguvu kisha achia, ili zipoe. Mzunguko wote unakaribia kilomita 75.

Hatua ya sita: Sa Calobra, kwa siku yake

Sasa umefika wakati wake. Kutoka Alcúdia au Port de Pollença hadi Sa Calobra na kurudi ni takriban kilomita 100, na jumla ya kupanda inazidi mita 2,000, kwa hiyo siku iliyotangulia iwe ya mapumziko au ya mzunguko mfupi. Ondoka alfajiri. Panda Ma-10 kupitia Coll de Femenia, jaza maji kwenye kile kituo cha mafuta, endelea magharibi hadi njia panda ya Ma-2141, kisha panda kipande kifupi hadi Coll dels Reis, mita 682 juu ya bahari. Kuanzia hapo barabara inateremka hadi usawa wa bahari kwa kilomita 9 na nusu hivi.

Ni barabara ya aina yake. Ilijengwa mwaka 1932 chini ya mhandisi Antonio Parietti, ambaye hakutumia hata handaki moja, bali aliufuata mwamba kona kwa kona na kuutumia mwamba uliochongwa kujazia mabonde. Karibu na juu aliipitisha barabara chini yake yenyewe kwa mzunguko unaoitwa fundo la tai, yaani tai ya kuvaa shingoni. Haikujengwa kufika mji wowote mkubwa, inaishia kwenye ghuba ndogo ya Sa Calobra, na ukishashuka hakuna njia nyingine ya kutokea kwa barabara. Kila mita uliyoshuka utaipanda, kwa wastani wa asilimia 7. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa utahitaji karibu saa nzima.

Mabasi ya watalii huanza kujaa kabla ya saa sita mchana, nayo huchukua upana wote wa kona. Hakikisha umekwisha kushuka na umeanza kupanda kabla ya saa nne asubuhi. Mbuzi huvuka bila taarifa, hasa palipo na vichaka, na ukimwona mmoja tarajia wengine watatu nyuma yake. Ukifika chini na ukahisi kwamba mwili hauko sawa, pumzika saa nzima, kula chumvi na wanga, kisha panda taratibu. Kupanda ukiwa na kiu ndiyo njia ya uhakika ya kuishiwa nguvu katikati.

Hatua ya saba: Sheria na desturi za barabarani

Magari Hispania huendeshwa upande wa kulia. Wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi wamezoea, lakini sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tunapaswa kujikumbusha kila asubuhi, hasa tunapotoka kwenye kijia kitupu na kuingia barabara kubwa. Mzunguko wa barabara, ambao Tanzania tunauita kipilefti, kule unazungukwa kwa mkono wa kulia, kinyume na mwendo wa mishale ya saa. Kundi la baiskeli lililokwisha kuanza kuingia kwenye mzunguko huhesabiwa kuwa chombo kimoja, na magari husubiri lipite lote.

Kofia ngumu ni lazima nje ya miji. Mnaruhusiwa kwenda wawili sambamba, lakini kwenye kona zisizoonyesha mbele jipangeni mstari mmoja. Dereva anayekupita lazima aache nafasi isiyopungua mita 1.5, na ninashuhudia kwamba wengi wao huheshimu sheria hiyo, wakisubiri nyuma kwa subira bila honi. Tuwarudishie heshima hiyo kwa kuinua mkono kushukuru na kukaa kando panapowezekana. Simu mkononi na vipokea sauti masikioni haviruhusiwi, na kipimo cha pombe kinamhusu mwendesha baiskeli pia. Ma-10 ina mahandaki, kwa hiyo taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma ziwepo mchana na usiku. Namba ya dharura ni 112.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mwanachama, Mombasa): Mimi nimezoea barabara za pwani zisizo na mlima. Je, nitaiweza Coll de sa Batalla?

Jibu: Utaiweza, kaka, mradi usiikimbilie. Mazoezi ya pwani si bure: kuendesha dhidi ya kusi kwa saa moja bila kusimama hujenga pumzi ileile inayohitajika mlimani. Kinachokosekana ni kuzoea kukanyaga mfululizo bila sehemu ya kuteleza, na kwa hilo barabara inayopanda kutoka Kombani kwenda Kwale ni shule nzuri kwako. Ipande mara moja kwa wiki kwa miezi miwili, mapema kabla ya magari kuwa mengi.

Swali (mwanachama, Nairobi): Nahitaji viza gani, na je, nichukue baiskeli yangu au nikodi?

Jibu: Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen, na viza ya muda mfupi huruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza kwa pasipoti za Afrika Mashariki nao wanaihitaji, kwa sababu ukaazi wa Uingereza si wa Schengen. Kuhusu baiskeli, kwa safari ya wiki moja ningekodi. Kufungasha baiskeli kwenye boksi, kubadilisha ndege, kisha kuikuta rimu imepinda ni mashaka ambayo hayastahili siku sita za kuendesha. Kwa wiki tatu ningechukua yangu. Kwa hali yoyote chukua tandiko lako, kwa kuwa mwili huchelewa kusamehe tandiko geni.

Swali (mwanachama, Muscat): Sisi hatuli nyama ya nguruwe. Chakula cha vijijini kinatufaa?

Jibu: Kinafaa, lakini uangalifu unahitajika mahali usipopatarajia. Ensaïmada, andazi la kuzungushwa kama konokono ambalo kila mkahawa huliuza na kila mwendesha baiskeli hulila na kahawa, hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Sobrassada, ile nyekundu ya kupaka kwenye mkate, ni nguruwe pia. Uliza "¿Lleva manteca de cerdo?" nao watakujibu bila kuona ajabu. Unaweza kula pa amb oli, yaani mkate uliopakwa mafuta ya zeituni na nyanya, ukiomba jibini badala ya nyama, na pia tortilla ya mayai na viazi, samaki, machungwa na lozi. Mimi mwenyewe mlo wangu wa njiani ni pa amb oli ya jibini, nao hunifikisha mbali kuliko keki.

Swali (mwanachama, Oslo): Nitakwenda peke yangu. Je, kwa mwanamke ni salama kwenye vijia vitupu?

Jibu: Dada, nimewauliza wenzangu wawili wa kike walioendesha peke yao huko, na wote walisema kwamba hofu yao kubwa ilikuwa magari ya kwenye Ma-12, si watu. Katika majira ya kuchipua hupiti nusu saa bila kuona waendesha baiskeli wengine. Hata hivyo wachie wenyeji wako hotelini orodha ya vijiji utakavyopita na saa ya kurudi, na uwashe kipengele cha kuonyesha mahali ulipo kwenye simu ili mtu wa nyumbani akufuatilie. Kwa siku ya Sa Calobra ningekushauri uungane na kundi, kwa sababu ya uchovu na urefu wa njia.

Swali (mwanachama, Kigali): Nina miaka 66 na goti moja lina matatizo. Je, kuna njia inayonifaa, au nibaki hotelini vijana wangu wakienda?

Jibu: Shikamoo mzee. Usibaki hotelini. Ule mzunguko wa uwandani unaweza kuupunguza hadi kilomita 60 hivi kwa kuishia Maria de la Salut na kurudi kupitia Llubí, na kwa goti hilo omba gia nyepesi zaidi dukani, uepuke kusimama juu ya pedali. Baiskeli ya umeme pia hukodishwa kwa wingi, na mota yake hukusaidia hadi mwendo wa kilomita 25 kwa saa, kisha huachia. Ukiipata hiyo, nenda bonde la Orient kutoka Alaró kwa barabara ya Ma-2100. Ni bonde dogo lenye bustani za matunda na kijiji chenye nyumba chache, barabara inapanda kwa upole, na magari ni machache. Wengi wa rika lako ninawaona huko, nao huendesha kwa mpangilio kuliko sisi.

Swali (mwanachama, Dodoma): Hapa kwetu miiba inatuua. Je, huko pancha ni nyingi?

Jibu: Ni chache. Ninazozipata huko nyingi husababishwa na kokoto zenye ncha baada ya mvua, si miiba. Chukua tyubu mbili, vyuma vya kutolea tairi na pampu ndogo, na kila jioni pitisha kidole kwa uangalifu juu ya tairi kutafuta jiwe lililokwama. Kuhusu upepo wa tairi, kwa mtu wa kilo 75 na tairi za milimita 28, bar 5 zinatosha, na tairi ngumu kuliko hapo hurukaruka kwenye lami ya vijia hivi iliyozeeka.

Swali (mwanachama, Zanzibar): Siku ya uwandani niiweke siku gani ya wiki?

Jibu: Swali zuri, kwa kuwa nilisahau kulieleza. Sineu ina soko kubwa kila Jumatano, nalo huuza hata mifugo, matunda na vyombo vya shambani. Mitaa yote ya katikati hujaa watu na utalazimika kushuka na kusukuma baiskeli. Mimi huchagua Jumatano kwa makusudi, ila naugeuza mzunguko: naanzia Llubí, nafika Sineu kabla ya saa tatu asubuhi wachuuzi wakiwa bado wanapanga meza zao, nanunua machungwa na lozi, kisha naelekea Petra mabasi ya wageni yakiwa ndiyo kwanza yanaingia.